Swasanndouz

Bega lilimuuma mwalimu kwa kuchapa, rula ikining'inia mkononi. Alikuwa ametaja sabini na mbili kwa lugha ya kwao. Ubaoni Mirlande alikuwa ameandika tena 6012.

"Huyo atazeekea darasa la pili, Madam!" sauti ilitoka nyuma. Wenzake wakacheka.

Mirlande akikosa leo atarudia darasa tena, na mama yake alishaapa kumtoa shule.

"Nimesema nini, mwanangu?"

"Swasanndouz, Madam."

"Na wewe umeandika nini?"

Mirlande aliweka kidole cheupe kwa chaki juu ya 60. "Swasann, sitini." Akakisogeza kwenye 12. "Douz, kumi na mbili."

Mwalimu aliilaza rula mezani.

"Nani mwingine kaandika hivyo daftarini?"

Mikono iliinuka polepole, wa mwisho ukiwa wa yule aliyemdhihaki kutoka nyuma.