Theluthi ya Seli

Mkewe alipompakulia supu ya njegere, Alvar alikuwa bado ameikodolea macho kompyuta. Ilikuwa Alhamisi, na mjini Uppsala kila Alhamisi ni siku ya supu ya njegere.

"Zinarudi tu," alisema.

Hesabu aliyoitunga mwenyewe ilifuatilia seli shina zenye saratani: zinavyozaliana, zinavyolala, zinavyouawa na dawa. Kila mara mstari ulishuka mpaka karibu na sifuri, kisha ukapanda tena. Damu yenye saratani aliyoipigia hesabu ilikuwa yake mwenyewe.

"Pale chini kabisa zimebaki ngapi?" aliuliza mkewe, aliyezeekea kwenye hadubini.

"Theluthi."

"Theluthi ya nini?"

"Ya seli moja."

Mkewe alimtazama. Akachukua njegere kavu moja kwenye kopo, akaikata vipande vitatu, akamwekea kimoja kiganjani.

"Haya, profesa wangu. Kapande hiyo, tuone itaota nini."

Kilikuwa kipande cha manjano, kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Alvar alikitazama, akacheka mpaka akakohoa. Muda wote huo alikuwa akiviacha vipande vya seli vizae! Akaongeza sharti moja: kilicho chini ya moja ni sifuri.

Mstari ukashuka. Safari hii haukupanda.

"Ni hesabu tu," alisema. "Damu yenyewe hainisikilizi."

"Najua, mpenzi. Kula, inapoa."

Akala vijiko viwili.

"Zile mbegu za bustani nilizokukataza usiagize, nikisema sitaziona zikiota," alisema, "bado zipo dukani?"