Mtumbwi wa Kijani

"Mto huu naujua hata nikiwa usingizini, Mama Ligaya!" Melchor alitamba, gati zima likamsikia. Kisha akatia mguu kwenye mtumbwi wa kijani waliooneshwa na karani, mtumbwi ukayumba, nusura atangulize kichwa majini.

Ukweli ni kwamba Melchor alikuwa fundi cherehani wa Manila tangu ndevu zilipomwota. Ila zamani, alipokuwa akimtongoza Belen, alimwambia kuwa aliwahi kuendesha mitumbwi ya hapa Pagsanjan, akipandisha watu hadi kwenye maporomoko. Uongo ukazaa ndoa, ndoa ikazaa Ligaya, na Ligaya, mtoto mwenye adabu, akawanunulia wazazi wake safari hii.

Kabla Melchor hajajua akae wapi, likaja jibaba lenye kifua kama pipa, kofia ya majani kichwani, miguu mitupu. Likaketi nyuma na kushika kasia.

"Shikamoo, mzee. Leo niko peke yangu."

Melchor alishusha pumzi. Mwenye mtumbwi huyo kafika! Tena kakosa mwenzake wa kasia la mbele, na Belen anatazama.

"Marahaba, kijana. Basi mimi nitashika la mbele."

Walipoliacha gati, wanaume wawili walichomoka kwenye kibanda cha chakula, mashavu yamejaa, wakaunyooshea vidole mtumbwi wa kijani, wakapunga mikono na kupiga kelele zilizomezwa na maji.

"Watu wa huku wana upendo jamani!" Belen akasema, akawapungia kitambaa.

Mto ukabanwa na kuta za mawe, maji yakaanza kunguruma.

"Kulia au kushoto?" Melchor aliuliza bila kugeuka, asije akaonekana uso.

"Popote utakaposema, mzee."

"Unasikia anavyokuheshimu?" Belen alichekelea. "Kumbe jina lako bado lipo!"

Melchor akachagua kushoto. Kushoto kulikuwa na mwamba. Mtumbwi ukajibamiza, ukazunguka kama pia, maji yakawarudisha kinyumenyume hadi kwenye kona waliyokwisha kuipita.

"Baba Ligaya, ndivyo mlivyokuwa mkifanya?"

"Lazima kwanza uusalimie mto."

Kwenye mitumbwi mingine, waendeshaji walikuwa wakirukia miamba na kuisukuma kwa miguu. Lile jibaba likawatazama kidogo, nalo likaruka. Melchor naye akaruka, maana aibu ni mbaya kuliko kuzama. Alisukuma kwa bega, akasukuma kwa goti, na mahali pamoja akasukuma kwa tumbo. Kiatu chake cha kushoto kikaenda zake. Belen, katikati, alikuwa akila wali wa kunata uliofungwa kwa jani la mgomba, na kila wimbi lilipowapiga aliunyanyua juu usilowe.

"Sukuma, mume wangu! Onyesha!"

Baada ya mwendo wa saa mbili, maporomoko yakatokea: maji meupe yakishuka kutoka juu kabisa, ukungu umetanda, sauti inatetemesha mbavu. Belen aliuweka wali wake chini. Kisha akamshika Melchor shingo iliyolowa, akambusu mbele za watu.

"Nisamehe," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ulinidanganya."

Moyo ulimchoma Melchor kuliko mabega yake. Akajiapia kimoyomoyo kwamba kuanzia leo hatasema uongo tena, hata wa mishono. Pa kuanzia palikuwa hapo hapo. Akaligeukia lile jibaba lililokuwa likikamua shati.

"Kijana, bila wewe tungekufa. Mimi nguvu zimekwisha, siwezi kujidai. Kurudi maji yanashuka kwa kasi, na mawe ndiyo yale yale. Nakuachia makasia yote mawili."

Jibaba likacheka mpaka kofia ikadondoka. Likaja likaketi katikati, ubavuni kwa Belen, likajinyooshea miguu na kujichotea wali.

"Mzee wangu, una utani wewe! Mimi nauza magodoro Cebu, hata kuogelea sijui. Nimekusaidia tu kwa kuwa mwenzako alichelewa. Haya, tushushe."