Picha ya Kupinga Ubaguzi

"Dada, kaa katikati. Mweusi ni wewe tu? Haya, wengine msogeleeni, si mazishi haya," mpiga picha alitania kwenye ngazi za chuo zenye theluji.

Mkono wa mwanafunzi mwenzake, jirani yake mstarini, ukamwangukia Renelle begani. Ndio uleule uliomrushia ganda la ndizi maabarani, darasa zima likaangua kicheko. Malalamiko yake, mkuu wa kitivo aliahidi kuyasikiliza kampeni hii ya kupinga ubaguzi ikishapita.

Mkuu mwenyewe alisimama nyuma ya kamera. "Tabasamu, binti yangu. Picha hii itabandikwa chuo kizima."

"Tabasamu bwana, usituharibie," jirani akanong'ona, vidole vikizidi kumbana.

Mpiga picha akaanza kuhesabu. Renelle akaukamata ule mkono, akauinua juu mbele ya kamera, wala hakuuachia.

"Haya," akasema, "piga."