Damu Iliyoishia Magotini

Ukutani hapakuwa na tone hata moja lililopita urefu wa goti.

Mtaalamu wa madoa ya damu alikuwa amepiga magoti jikoni, picha za zamani za polisi zimetandazwa sakafuni mbele yake. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Mlangoni walisimama wenye nyumba, kaka na dada, wote wawili kichwa cheupe. Damu ile kwenye picha ilikuwa ya mama yao.

"Binti, damu kavu itasema nini leo?" kaka aliguna. "Ina mdomo?"

"Haina mdomo, mzee. Ina umbo."

"Mwache afanye kazi yake, kaka."

Dada ndiye aliyemwita. Miaka nenda miaka rudi aliwaganda polisi wafungue jalada upya, mpaka wakamtuma huyu binti, angalau wapumue.

Kesi yenyewe mtaa mzima uliijua. Mama alikutwa kitandani, amekufa, damu imetapakaa kila chumba kana kwamba alikimbizwa humo ndani. Mwilini alikuwa na kidonda kimoja tu, kidogo, mguuni. Daktari wa wakati ule alisema kimechomwa kwa kitu chembamba. Na chumba cha uani alipanga fundi saa, mwenye bisibisi nyembamba kama sindano. Siku hiyohiyo fundi saa alitoweka. Polisi walimsaka mpaka wakachoka.

Jambo moja halikuingia kwenye jalada. Fundi saa na dada walikuwa wamepanga kuoana. Dada hajaolewa mpaka leo.

"Mama," mtaalamu alimgeukia dada, "marehemu alikuwa na mishipa iliyovimba miguuni?"

"Ilimtoka kama kamba! Alivaa soksi nzito hata jua likiwaka. Siku ile alikuwa amezivua, kazianika."

Mtaalamu akafumba macho kidogo, kisha akawaita wasogee.

"Tazameni matone haya. Ni ya mviringo. Mtu anayekimbizwa, damu yake huvutika, ikaacha mkia. Huyu alikuwa anatembea taratibu. Nyayo ni zake peke yake. Hapa damu imeruka kama maji ya bomba lililotoboka, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu. Hapa alifungua kabati la nguo. Hapa alikaa kitini, akainuka tena."

"Alikuwa anatafuta nini?" dada aliuliza.

"Kitambaa cha kujifunga."

"Nani alimchoma?"

"Hakuchomwa na mtu, mama. Mshipa ulipasuka. Hauumi sana, mtu hudhani ni jambo dogo. Angelala chini, akainua mguu na kubana kidonda, pengine angepona. Lakini alikuwa peke yake."

Mtaalamu hakujua aweke wapi mikono. Hiyo ndiyo kazi yake: kukisoma kifo hatua kwa hatua, mpaka kitandani, bila kuwa na uwezo wa kukizuia hata hatua moja.

Dada alilia kwanza. Halafu, taratibu, uso ukaanza kumfunguka.

"Kwa hiyo hana kosa. Nilisema mimi! Alikimbia kwa woga tu, maskini, na nani asingekimbia?" Alishaanza kupapasa mkoba akitafuta simu. "Tutatangaza redioni. Gazetini tuweke na picha yake. Huko aliko ni mzee sasa, huenda ana wajukuu, sijali. Ajue tu kwamba anaweza kurudi. Kaka, si unasikia?"

Kaka alikuwa ameteleza na ukuta mpaka chini, ameketi juu ya zile picha, miguu mbele kama mtoto. Mtaalamu alidhani anamlilia mama yake. Akamnyooshea mkono. Mzee hakuupokea.

"Usitangaze," alisema.

"Kwa nini? Mtu ameonewa maisha yake yote, kaka. Hata salamu tusimpelekee?"

Mzee aliugeuzia uso mlango wa uani.

"Mimi na baba tulimuwahi, mdogo wangu. Hakufika hata barabarani."