Siwa Kabla ya Kilemba

Katika mji ule siwa, pembe ya kifalme, haikupulizwa mpaka mfalme afungwe kilemba, na wa kumfunga alikuwa dada yake tu. Ijumaa hiyo mfalme, Mwinyi Shekuwe, alikuwa amekaa, shingo ameinyoosha, kilemba kimefika nusu, mara siwa ikalia uwanjani.

"Wameharakisha," alisema. "Bado hujamaliza, dada."

Mikono ya Mwana Esha ikasita.

"Nimeshamaliza, kaka. Nimemfunga mwanangu alfajiri."

Nje watu walikuwa wakilishangilia jina la mpwa wake, aliyemlea kwa mkono wake mwenyewe. Mfalme akataka kuinuka.

"Tulia, kaka," dada yake akamwambia, kama alivyomwambia kila Ijumaa, akaanza kukifungua kile kilemba.

Mfalme akainyoosha shingo tena, asije akamsumbua.