Nungunungu na Kobe

Siku hizi, kwenye maonyesho ya wachoraji wa vitabu vya watoto, mtoto hugusa mchoro, nao hurudia maneno uliyoyasikia ulipokuwa ukichorwa.

Mume wangu, Shomvi, hajawahi kukaa nami nikichora. Alidhani nachora kimya. Akabeba michoro yangu, akaitundika kwenye kibanda chake kama kazi yake. Nikaenda, nikakaa mbele.

Msichana mmoja akamgusa nungunungu. Sauti yangu ikajaa ukumbi mzima: "Shomvi, tangu lini ukajua kushika brashi? Iba tu, utaumbuka."

Watu wakaangua kicheko. Shomvi akainamisha kichwa. Roho yangu kwatu.

Kisha yule mtoto akanyoosha kidole kwa kobe, niliyemchora wakati uji wa Shomvi ukichemka jikoni, huku nikijisemea nimtilie sumu gani.