Kodi ya Kichwa cha Pili

Mwenye nyumba aliushika mswaki wa pili kwa ncha za vidole, kama aliyemshika panya mkia.

"Huu wa nani, dada?"

"Wangu," muuguzi akajibu. "Mmoja wa asubuhi, mmoja wa jioni. Hata meno yangu yanafanya kazi kwa zamu."

Katika jiji lile, wageni waliokuja kwa mkataba wa kazi walitozwa kodi kwa kichwa, si kwa chumba. Kikionekana kichwa cha pili, kodi mara mbili au mizigo barabarani. Na ya kichwa kimoja tu ilishameza nusu ya mshahara wake. Iliyobaki iligombewa na nauli, mkate na wadogo zake kule kwao. Wenzake aliokuja nao walishafunga mabegi, wakarudi. Yeye aliapa kwamba jiji likitaka kumtafuna, litavunjika jino.

Mwenye nyumba akachungulia sufuria. Supu, tena ya kushibisha wawili. Akainua mto, akauangusha. Akaanza kulalama kuwa chumba hiki amekipangisha kwa hasara, chumba kizuri hivi, kinapigwa na jua, alichokuwa akilala mama yake mzazi kabla ya kuhamia kwa binti yake akapumzike.

Kabati likakohoa.

"Umeficha mwanamume humo."

"Angekuwa mwanamume, si angenisaidia kodi?"

Muuguzi akajiweka mbele ya kabati, mikono kiunoni. Akamweleza taratibu, kama anayempa mgonjwa dozi, kwamba aliyemo humo alimkuta juzi amekaa ngazini, anatetemeka, kakumbatia kifurushi chake. Kwamba kazi yake yeye ni kuuguza watu, si kuwahesabu vichwa. Kwamba hataongeza hata senti moja.

"Basi atoke leo hii," mwenye nyumba akasema, "na wewe umfuate."

"Sawa. Ila mimi simtoi. Mtoe mwenyewe, kwa mikono yako."

Akasogea pembeni. Mwenye nyumba akauvuta mlango wa kabati kwa nguvu, nusura ubaki mkononi.

Ndani, juu ya blanketi lililokunjwa, bibi kizee alikuwa ameketi na bakuli mapajani, anamalizia supu yake bila haraka.

"Usinikodolee macho, mwanangu," akasema. "Dada yako naye kapata mpangaji."